Kujisomea Mtihani wa Kidato cha Nne: Mambo ya Kupima Kabla ya Kujisajili

Kila mwaka, baada ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne kutangazwa na kabla ya muda wa usajili wa mtihani ujao kupita, swali moja huzunguka katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, na aghalabu huulizwa kwa haya, kana kwamba kuliuliza ni kukiri aibu: je, yafaa mtu ajisomee mwenyewe akaufanye mtihani huo kama mtahiniwa wa kibinafsi, au arudi darasani, au aiache azma hiyo akatafute riziki kwa mlango mwingine? Huliuliza mama anayeanika omena ufuoni Mbita, aliyeacha shule katika kidato cha tatu alipopata mimba. Huliuliza kijana wa bodaboda wa Rongo aliyepata gredi ya D+ ilhali moyo wake umo katika uuguzi. Huliuliza mchimba dhahabu wa Macalder ambaye karo ilimshinda babake, akatoka shuleni akiwa bado na hamu ya kusoma. Na huliuliza mzazi wa Awendo au Oyugis ambaye mwanawe amekataa katakata kurudi katika darasa la wadogo zake.

Swali hili lastahili jibu la heshima. Kwa kawaida hujibiwa kwa namna mbili, na zote mbili zina taksiri. Wako wasemao kwamba mwenye bidii hujisomea akafaulu, na asiyefaulu ni mvivu. Na wako wasemao kwamba pasipo shule hapana elimu, na aliyekwisha kutoka darasani amekwisha kupitwa. Kauli ya kwanza humtwika mtu mzigo asioweza kuubeba peke yake, kisha humlaumu kwa kuanguka. Ya pili humfungia mlango ambao kanuni zenyewe za mtihani zimeuacha wazi. Rai ya makala haya ni kwamba kujisomea kunawezekana, na kwa watu wa hali fulani ndiyo njia bora kuliko zote, lakini kufaulu kwake hakutegemei akili na bidii tu. Kunategemea mambo manne ambayo mtu aweza kuyapima kabla ya kulipa hata shilingi moja: muradi wa cheti, tabia ya masomo yenyewe, kupatikana kwa msahihishaji, na wingi wa saa.

Mtihani na masharti yake

Cheti cha Elimu ya Sekondari cha Kenya, ambacho wote tunakijua kwa herufi zake nne, KCSE, kilitahiniwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulivifuta vidato vya tano na sita, na tangu hapo mtihani wa kidato cha nne umekuwa ndio njia ya kutoka sekondari kuingia chuo kikuu, ukaubeba peke yake uzito uliokuwa ukibebwa na mitihani miwili. Mwendo mfupi kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, ndugu zetu wa Sirare na Tarime wangali na mtihani wa kidato cha sita, na Baraza la Mitihani la Tanzania huwaandikisha katika mtihani huo watu wanaojisomea, ambao huko huitwa watahiniwa wa kujitegemea. Majina yanatofautiana, lakini hali ni moja pande zote mbili za mpaka: karatasi ni zile zile, siku ni zile zile, na anayezisahihisha hana habari ni nani aliyefundishwa na walimu kumi na nani aliyesoma kwa taa ya mafuta baada ya kufunga kibanda chake sokoni.

Huku kwetu mtihani huendeshwa na Baraza la Taifa la Mitihani, KNEC, lililoundwa mwaka 1980. Watahiniwa wa kibinafsi ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule aliyekwisha kuufanya mtihani, akapata gredi isiyomtosheleza, naye ataka kuurudia. Wa pili ni yule ambaye hajapata kuufanya, lakini alimaliza darasa la nane na kufanya KCPE si chini ya miaka minne iliyopita. Kwa desturi usajili hufanywa katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo ndiyo mahali pa kwanza pa kuuliza ni shule ipi iliyokubaliwa kuwa kituo cha watahiniwa wa namna hiyo. Yafaa ieleweke pia kwamba mwenye kurudia ili apate gredi mpya ya wastani hurudia yote: alama nzuri ya Kiswahili ya mwaka uliopita haichukuliwi ikaunganishwa na alama nzuri ya hisabati ya mwaka huu ili kufanya gredi moja ya wastani. Mtu huanza upya na masomo yake yasiyopungua saba.

Kuna na jambo la wakati, ambalo haliwezi kufanyiwa ajizi. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, mtaala wa umilisi umekwisha kuingia katika sekondari ya juu, na kundi la mwisho la wanafunzi wa 8-4-4 linatarajiwa kuufanya KCSE mwaka 2027. Mtu aliyekuwa akijiambia kila Januari kwamba ataanza mwakani hana tena miaka mingi ya kuahirisha. Wahenga walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na katika shauri hili kauli yao yachukuliwa kwa maana yake halisi.

Waliotangulia kwa njia ya posta

Kujisomea si jambo geni katika nchi hii ya ziwa. Katika miaka ya 1940 na 1950, shule za sekondari zilipokuwa za kuhesabika na karo ikiwa muhali kwa jamaa nyingi, makarani, walimu na watumishi wa serikali walijiandikisha katika vyuo vya Uingereza na Afrika Kusini vilivyofundisha kwa barua. Somo lilifika kwa posta, mwanafunzi akaliandikia majibu, akayatuma, akangoja majuma mengi hadi karatasi irudi na wino mwekundu wa mwalimu ambaye hangemwona maishani mwake.

Mmoja wao alikuwa Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930, ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga, na ambaye leo amezikwa kisiwani humo. Alisoma katika shule ya Mang'u hadi mwaka 1947, na fedha za kuendelea zilipokosekana akajiunga na mafunzo ya ukaguzi wa afya huko Kabete. Aliendelea kujisomea akiwa kazini, akiwa amejiandikisha katika chuo cha kufundisha kwa barua cha Afrika Kusini, na mwaka 1955 alikwenda kusoma katika Ruskin College, Oxford. Chuo kikuu kilichoko Homa Bay kina jina lake, na vijana wengi wanaopita mbele ya lango lake huijua habari ya siasa zake kuliko ya masomo yake ya jioni.

Watu wa kizazi kile husifiwa kwa bidii, nao waliistahili sifa hiyo. Lakini sifa hizo hulisahau jambo moja: hawakusoma peke yao. Fedha walizozilipa hazikununua vitabu tu, maana vitabu vingeweza kuazimwa. Zilinunua jicho la mtu mwingine juu ya kazi yao. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozifunga shule mwezi Machi na watahiniwa wakarudi darasani mwezi Oktoba tu, hata KCSE ya mwaka huo ikasogezwa hadi Machi 2021, tuliliona jambo lilo hilo kwa macho yetu. Vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni, na vilikuwa na faida kwa waliovipata. Lakini redio haiwezi kuliona daftari la anayeisikiliza, wala haiwezi kumwambia kwamba amekosea mstari wa tatu.

Cheti unakitakia nini?

Swali la kwanza la kujiuliza ni la muradi. KCSE hutolewa kwa gredi kumi na mbili, tangu A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, na kwa masomo saba jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Kuingia masomo ya shahada huhitaji wastani wa C+, yaani pointi 46 au zaidi. Stashahada nyingi za uuguzi na utabibu katika vyuo vya mafunzo ya tiba, ambavyo viko Migori na Homa Bay pia, huhitaji wastani wa C, yaani pointi 39, pamoja na gredi maalumu katika lugha, baiolojia na masomo mengine ya sayansi. Vyuo vya ufundi hupokea stashahada kwa C-, cheti cha ufundi kwa D, na mafunzo ya ufundi wa awali kwa gredi yoyote.

Hesabu hii ifanywe kwa karatasi na kalamu. Kijana wa Rongo mwenye D+ ya pointi 31 anahitaji pointi 8 ili afike C. Ni kupanda ngazi moja katika kila somo na mbili katika somo moja, jambo linalowezekana kwa mwaka mmoja wa kazi ya mpango. Mwenzake mwenye D+ ya pointi 25 anahitaji pointi 14, yaani ngazi mbili katika kila somo, na huyo sharti akubali kwamba shauri lake ni jingine, ingawa gredi iliyoandikwa katika vyeti vyao ni moja. Kadhalika, aliyepata C- naye anapenda ufundi wa umeme au ujenzi, hana sababu ya kupoteza mwaka: aingie chuo cha ufundi kwa gredi aliyo nayo, maana kutoka stashahada njia ya kwenda shahada ipo. Kurudia mtihani kwa ajili ya kufuta aibu mbele ya majirani ni gharama kubwa kwa faida ndogo. Kurudia kwa sababu kazi fulani unayoijua kwa jina inadai gredi fulani unayoijua kwa hesabu, hiyo ni azma iliyosimama juu ya yakini.

Masomo yanayokubali na yasiyokubali

Swali la pili ni la masomo, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Mtahiniwa hufanya Kiingereza, Kiswahili na hisabati, kisha sayansi zisizopungua mbili, somo la jamii au dini, na jingine la kukamilisha saba. Tangu KCSE ya mwaka 2023 gredi ya wastani hupatikana kwa hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Kanuni hii imewapa nafuu wale ambao lugha moja huwaangusha, nayo yafaa ifikiriwe wakati wa kuchagua masomo.

Historia na Serikali, elimu ya dini ya Kikristo au ya Kiislamu, na masomo ya biashara hukubali kusomwa nyumbani, maana sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma, kukumbuka na kupanga hoja. Kiswahili na Kiingereza hukubali nusu, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini, na yana hatari yake ya kipekee: vitabu teule hubadilishwa. Mtu aliyenunua sokoni Kigogo na Chozi la Heri kwa bei nafuu, akavisoma mwaka mzima, atakuta karatasi ya fasihi inamuuliza habari za Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Kabla ya kununua kitabu chochote cha fasihi, na aulizwe mwalimu wa shule iliyo jirani ni vipi vinavyotahiniwa mwaka huo. Kilimo na kompyuta, ambayo wengi huyachagua kwa kudhani ni mepesi, yana mradi unaofanywa kwa miezi kadhaa chini ya macho ya mwalimu, na asiye na mwalimu huyo hupungukiwa kabla ya kushika kalamu.

Kuhusu sayansi, maadamu sharti ni mbili, hakuna anayeweza kuikwepa maabara. Tuitazame kemia kwa karibu. Karatasi yake ya tatu ni ya vitendo, na mara nyingi swali la kwanza humtaka mtahiniwa atie asidi kutoka katika bureti, tone kwa tone, ndani ya chupa yenye alkali iliyopimwa kwa pipeti, hadi rangi ya waridi ya kiashiria cha fenolfthalini itoweke. Kitabuni jambo hili ni aya moja. Mezani ni jingine kabisa: mkono wa kushoto wazungusha koki, wa kulia watikisa chupa, jicho lisawazishwe na sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji katika bureti, na tone moja la ziada laharibu kipimo chote. Alama hutolewa kwa jedwali lililokamilika, kwa desimali zilizoandikwa kwa namna moja, kwa usahihi wa kipimo, na kwa wastani uliotafutwa ipasavyo. Na mtu ambaye bureti ameishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani huzipoteza alama hizo si kwa ujinga bali kwa ugeni. Siku chache za maabara katika kipindi cha likizo, chini ya mwalimu au fundi wa maabara, zaweza kuuondoa ugeni huo. Asiye na hakika ya kuzipata siku hizo asijisajili kabla hajazitafuta.

Nani atakayekusahihisha?

Swali la tatu ndilo kubwa. Karatasi ya pili ya Kiswahili ina alama 80, na kumi na tano kati yake ni za muhtasari. Mtahiniwa hupewa habari ya aya kadhaa, akaambiwa aeleze hoja kuu za aya fulani kwa idadi ya maneno iliyowekwa. Mchukue mtu mzima mwenye akili timamu, aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni, umpe swali hilo nyumbani kwake. Ataisoma habari, ataielewa, ataandika aya safi, ataisoma tena na kuridhika nayo. Kisha mpe mwalimu aliyezoea kusahihisha. Mwalimu ataonyesha kwamba mwandishi amezidisha maneno ishirini, na yaliyozidi hayasomwi. Kwamba hoja mbili amezifunga katika sentensi moja hata moja ikapotea. Kwamba mfano ameuhesabu kuwa hoja. Na kwamba sentensi zake hazikuunganishwa, basi alama ya mtiririko imekwenda. Aliyedhani amepata kumi na tatu amepata sita. Hakuna kitabu kingemwambia hivyo, kwa sababu kosa lenyewe linakaa mahali ambapo mwenye kulifanya haoni.

Hisabati nayo ina siri ya namna hiyo. Kila karatasi ina alama 100: sehemu ya kwanza ya alama 50 hujibiwa yote, na katika sehemu ya pili mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane, kila moja la alama kumi. Alama hizo hugawanywa kwa hatua. Njia ina yake, na jibu lina lake. Anayejisomea hutazama majibu ya nyuma ya kitabu, akaona jibu lake ni sahihi, akajipa alama zote, asijue kwamba hatua alizozifanya kichwani bila kuziandika zimemnyima haki yake. Na kinyume chake, hukata tamaa anapoona jibu si lile, asijue kwamba njia yake ilikuwa njema na kosa lilikuwa la kujumlisha tu.

Kwa hiyo rai yangu ni thabiti katika jambo hili: mwalimu wa kufundisha aweza kukosekana na mtu akafaulu, lakini msahihishaji hawezi kukosekana. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mtu asiye na fedha, kwa kuwa mwalimu wa kufundisha huhitajika kila siku, ilhali msahihishaji huhitajika labda mara moja kwa juma. Hapana haja ya mtu mmoja kwa masomo yote. Mwalimu wa shule ya kutwa ya jirani aweza kupokea karatasi mbili za hisabati kila Jumamosi. Binamu aliyeko Chuo Kikuu cha Rongo aweza kuitazama baiolojia. Watahiniwa wanne wanaojisomea wanaweza kuchangiana na kumpa mwalimu wa Kiswahili ujira wa haki. Kituo cha elimu ya watu wazima, ambayo wazee wetu waliiita gumbaru, nacho hakipasi kudharauliwa, maana katika baadhi ya vituo hivyo masomo ya sekondari hufunzwa. Anayekwenda kuomba aseme kwa uwazi: "Mwalimu, siombi unifundishe bure, naomba unisahihishie, na uniambie ukweli." Ni walimu wachache watakaoyakataa maneno hayo.

Jambo moja la kuonya liingie hapa. Mtahiniwa asiye na msahihishaji huwa na khofu, na khofu humfanya awe windo la matapeli wanaouza kwa simu, hasa katika makundi ya Telegram, karatasi wanazodai kuwa za mtihani. Fedha zake hupotea, na akikutwa na udanganyifu hupotewa na matokeo pia, mbali na adhabu zilizowekwa na sheria ya baraza ya mwaka 2012.

Saa, fedha na mahali

Swali la nne ni la saa. Tuseme mtu ameanza mwanzo wa Februari, akasoma saa mbili kila siku, siku sita kwa juma, hadi mwisho wa Oktoba. Hayo ni majuma 39, na saa 468. Zikigawanywa kwa masomo saba, kila somo lapata saa 67 hivi. Shule yenye vipindi vinane vya dakika arubaini kwa siku huzimaliza saa hizo 468 kwa majuma kumi na saba au kumi na manane, ambayo ni zaidi kidogo ya muhula mmoja. Kutokana na hesabu hii hukumu mbili hufuata. Aliyekwisha kumaliza kidato cha nne, ambaye kazi yake ni kuziba mianya, aweza kutosheka na saa hizo zikitumiwa vizuri. Aliyeachia kidato cha pili hawezi kusoma kazi ya miaka miwili kwa muhula mmoja, hata awe na akili za kustaajabisha; huyo apange miaka miwili, au arudi shuleni.

Saa za hapa kwetu zina tabia yake. Omena huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na familia ya mvuvi hulala na kuamka kwa kufuata mwezi. Msimu wa kuvuna miwa huko Awendo hauulizi ratiba ya mtu. Mgodini mtu hutoka akiwa amechoka hata herufi zacheza mbele ya macho. Mtu asijiwekee ratiba ya mwanafunzi wa bweni. Ajiwekee saa ambazo riziki yake haizigusi, aghalabu zile za alfajiri, na siku za mbalamwezi, mashua zinapopumzika, azidishe. Fauka ya hayo, aifikishe habari ya ratiba hiyo kwa jamaa yake mapema, maana mke asiyejua kwamba mumewe anasoma atamtuma dukani saa ile ile, na mama mwenye mtoto mchanga asipopata shangazi au bibi wa kumshikia mtoto, saa zake mbili zitabaki katika karatasi ya ratiba.

Kuhusu fedha, serikali imekuwa ikiwalipia ada ya mtihani watahiniwa wa mara ya kwanza walio shuleni, lakini wa kibinafsi hujilipia, nayo ada hiyo sharti iwepo kabla ya muda wa usajili kufungwa. Ongezeni nauli ya kwenda kituoni kwa siku zote za mtihani, ambayo kwa mtu wa Mfangano au Muhuru si kitu kidogo, na vitabu, na ujira wa kusahihishiwa. Hata hivyo jumla yake ni nafuu ikilinganishwa na karo ya bweni ya mwaka, na kwa mwenye jamaa ya kulisha, faida kubwa zaidi ni kwamba hakuiacha kazi yake.

Nani ajisomee, na nani asijisomee

Tukiyaweka mambo haya pamoja, naona yafaa kusema wazi. Ajisomee yule aliyemaliza kidato cha nne, anayejua gredi anayoitafuta na kazi inayoidai, aliyepungukiwa kwa kiasi kinachofikika, mwenye siku za maabara zilizoahidiwa na mtu wa kumsahihishia. Arudi shuleni, hasa shule ya kutwa iliyo karibu, yule aliyetoka mapema, na kwanza kabisa binti aliyetoka kwa sababu ya mimba, kwa kuwa sera ya serikali ya kuwarudisha wasichana hao ipo tangu mwaka 1994, nayo si fadhila ya mwalimu mkuu bali ni haki yake. Wazazi wasimfiche nyumbani kwa jina la kujisomea, maana mara nyingi kujisomea kwa namna hiyo ni njia ya upole ya kumwambia kwamba masomo yake yamekwisha. Na aingie chuo cha ufundi yule ambaye gredi aliyo nayo yatosha kwa kazi anayoipenda.

Kwa walimu wakuu wa Migori na Homa Bay nina ombi moja. Maabara zenu hukaa zimefungwa katika likizo ya Agosti, na katika mitaa inayozizunguka wamo watu watakaofanya mtihani ule ule bila kupata kuigusa bureti. Juma moja la mlango wazi, kwa ada ndogo ya kununua kemikali na kumlipa fundi wa maabara, litawatendea jema ambalo hakuna kitabu kinachoweza kuwatendea.

Na wewe ndugu msomaji unayelifikiri jambo hili, kabla hujakwenda kujisajili keti leo ujibu karatasi moja ya hisabati ya mwaka uliopita kwa saa mbili na nusu, bila kufungua kitabu, kisha mpelekee mtu anayejua kusahihisha. Ukimpata mtu huyo, naye akakubali kukupokea tena juma lijalo na lile lifuatalo, jisajili bila tashwishi. Usipompata, mtafute kwanza. Ada ya mtihani ikungoje.